Wimbo wa Dada Yangu Ulipofika Namba Moja

Kabla ya kuwa wangu, wimbo ule ulikuwa wa dada yangu mkubwa. Aliuimba akishona, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake ya Ruashi, tangu mumewe afukiwe na udongo katika shimo la shaba huko Kambove. Maneno yalikuwa machache: rudi na vumbi lako, mimi nitafagia. Hakumwimbia mtu. Alijiimbia tu huku mguu ukikanyaga cherehani, na mimi niliyekuwa nikimpigia pasi nguo za wateja niliyashika bila kukusudia.

Siku ya kurekodi nilifika studio na nyimbo mbili za kwangu. Fundi wa muziki alizisikiliza, akaniuliza kama sina nyingine. Nikaimba ule wa dada. Akautilia ngoma, akaukimbiza mpaka ukawa wa kuchezwa. Kwenye fomu, palipoulizwa mtunzi, niliandika jina langu. Nilijiambia nitamweleza dada Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine.

Wimbo ulishika namba moja Zambia, kisha Tanzania. Ubelgiji ulifika nafasi ya nne, ukiimbwa na watu wasiojua Kiswahili hata neno. Dada aliusikia redioni na hakukasirika. Alidhani nimeuimba kwa kumkumbuka shemeji yangu. Jambo hilo lilinifunga mdomo kuliko ambavyo hasira ingenifunga.

Nilialikwa Brussels. Mtangazaji mmoja wa redio inayosikika hadi kwetu aliniuliza wimbo nimeutoa wapi.

"Ulinijia wenyewe," nikasema, "nikiwa ndani ya taksi."

Jibu hilo lilinitoka kirahisi, hata nikacheka kidogo.

Niliporudi, dada alinipokea kwenye uwanja wa ndege wa Luano, amebeba gauni alilonishonea. Tukiwa garini alisema polepole, macho yake barabarani:

"Tulikusikiliza ku radio, miye na bamama majirani ba avenue yetu. Nilibaita miye mwenyewe. Nilibaambia, leo atamutaja bwana yangu."

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "unisamehe."

"Nilishakusamehe. Lakini bale bamama banaendelea kuniuliza, na miye sina la kubajibu."

Aliniwekea gauni mapajani. Lilinikaa sawasawa nilipolijaribu nyumbani, na sijapata kulivaa tena.

Nilianza kuwaandikia wasambazaji wa wimbo. Ilichukua barua nyingi na miezi mingi, lakini mwishowe walibadilisha jina la mtunzi. Nilikwenda pia kwenye redio moja ya hapa mjini nikasema ukweli. Sijui nani alisikia, maana wimbo ulikuwa umeshashuka kwenye orodha zote na watu walikuwa na mwingine.

Nikampelekea dada simu ili ajionee. Alivaa miwani yake ya kushonea, akasoma jina lake mara mbili, akigusa kioo kwa kidole.

"Na jina ya bwana yangu," akaniuliza, "haiwezi kuingia?"

"Hakuna mahali pake, yaya. Banaandika mutunzi na mwimbaji tu."

"Basi."

Akanirudishia simu, akainama tena kwenye kitambaa. Tangu hapo haimbi akishona nikiwemo chumbani. Mimi, kila ninapopanda jukwaani, watu huomba ule ule, na huomba urudiwe. Nami huurudia.