Mikono ya Upande wa Kushoto

Daktari wa Korogwe aliniambia njia ya maji ndani ya macho yangu inaziba polepole. Ugonjwa huo hauumi, ila unakula uoni wa pembeni, kwa hiyo nitie matone kila siku. Mimi, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, nitie dawa ya nini, na gazeti nalisoma bila miwani? Mke wangu nikamwambia natia.

Jana mkutanoni wazee walikaa mbele yangu, wanawake kushoto.

"Nani anapinga kuongeza siku za shamba la pamoja?"

Sikuona mkono hata mmoja.

"Hakuna! Azimio limepita!"

Kicheko kikazuka.

"Baba Asha," mke wangu akaniita, "hebu geuza shingo."

Nikageuza. Wanawake wote walikuwa wamenyoosha mikono, na mke wangu ameshika juu chupa yangu ya dawa, haijafunguliwa.