Kura Kumi na Tisa za Mheshimiwa

Kama kuna watu wanaonikera katika ufuo huu wetu wa karibu na Sindo, ni wale wanaokula nyama yako, wakapangusa midomo, kisha wakakudanganya macho makavu. Mwaka wa uchaguzi watu hao huzaliana kama mbu. Nasema mapema ili ujue nimesimama wapi: mimi Trizah sikumpigia Nicodemus kura. Nilimwambia hivyo mwenyewe aliposimama mlangoni pangu na sukari yake ya kampeni, na sukari yake sikuipokea. Lakini hadithi hii si yangu. Ni ya Zilpah, jirani yangu, ambaye nusura atolewe katika nyumba yake kwa sababu ya waongo.

Zilpah ni binti wa mkata miwa wa Awendo, katika nchi ya Sakwa. Aliolewa hapa na Tony, mdogo wake Nicodemus, na tangu siku hiyo watu wa boma wakamwita nyar Sakwa, binti wa Sakwa, maana kwetu mke huitwa kwa mahali alikotoka. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, asiyejua kusimama njiani kuuliza habari za ng'ombe na za wajukuu. Wengi walisema anaringa. Nimeanika omena, dagaa wa ziwa letu, kando yake miaka mingi na ninajua haringi, ni vile tu haoni faida ya kusema jambo mara mbili. Tony alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na walipendana, jambo ambalo kwenye boma lile lilionekana kama ugonjwa.

Tony alikufa kwa nimonia, kijana kabisa. Wakamzika mbele ya nyumba yake kama inavyotakiwa. Matanga hayajaisha, Nicodemus akaichukua mashua ya marehemu, akasema anaihifadhi. Anaihifadhi mpaka leo, na samaki wake anawahifadhi tumboni. Kisha akatangaza kwamba yuko tayari kumrithi na mjane, maana mila ni mila. Zilpah akamjibu mbele ya ukoo wote kwamba mashua imemtosha. Watu walicheka, na Nicodemus hakusahau waliocheka wala aliyewachekesha.

Basi uchaguzi ukaja, na Nicodemus akajitokeza kuwania kiti cha mwakilishi wa wadi. Kabla hajapata kura hata moja tulikuwa tumeanza kumwita Mheshimiwa, naye alikuwa ameanza kuitika. Jiko lake halikuzimwa. Fahali walichinjwa, vijana wakavishwa fulana zenye uso wake, na kila aliyelamba vidole aliapa kwamba kiti ni chake tayari. Zilpah hakwenda kula. Alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne, akaomba kazi ya karani wa kura, akapata, akapangiwa kituo cha shule yetu ya msingi.

Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu Gisiri, mtu wa Ntimaru kule mpakani, asiyemjua yeyote hapa. Wakati wa kuhesabu, Gisiri alifungua kila karatasi, akalisoma jina kwa sauti, akampa Zilpah. Zilpah akaiinua ili mawakala wa wagombea wote waione alama, kisha akaiweka kwenye fungu lake. Wakala wa Nicodemus alikuwa Willis, nahodha wa mojawapo ya mashua zake. Willis aliona karatasi zote, hakupinga hata moja, akatia sahihi kwa mkono wake. Kulipokucha matokeo yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Mheshimiwa alikuwa na kura kumi na tisa.

Kumi na tisa, tena kituo cha nyumbani kwake! Wake zake wawili, wanawe, wakaza wana, na wavuvi wote wanaolala kwenye mashua zake, hao peke yao wanapita arobaini. Alisimama mbele ya ule mlango akisoma na kusoma tena. Kisha akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, "Wewe, ulinipigia?"

Sasa niambie, nani angemjibu ukweli, nyama ya fahali wake ikiwa bado katikati ya meno? Kila mlango ulimpa jibu moja. "Nilikupigia, Mheshimiwa. Haki ya Mungu." Wengine walilia machozi kabisa. Alipomaliza kuzunguka, alikuwa na ahadi za kijiji kizima na kura kumi na tisa, na hesabu ya namna hiyo haina jibu lingine ila wizi. Na wizi unahitaji mwizi. Gisiri alikuwa ameshapeleka masanduku na kurudi kwao, na hasira ya watu wetu haina nauli ya kufika Ntimaru. Ikamshukia aliye karibu.

Willis ndiye aliyetoa ushahidi. Alisema nyar Sakwa alimpa soda, akasinzia, na alipozinduka mafungu yalikuwa yamebadilika. Soda yenyewe nilimwona Willis mwenyewe akiinunua dukani, akalalamika kwamba haina baridi. Nilimwambia hivyo mbele za watu, akaniambia nifunge mdomo kwa sababu mimi ni mke wa upinzani. Mume wangu hajawahi kuwa na chama chochote isipokuwa cha kulala.

Kuanzia siku hiyo wakamfanya Zilpah kama mbwa aliyekula mayai. Omena wake walipigwa teke wakachanganyika na mchanga. Mwenye kinu cha kusaga alimwambia mashine imeharibika, na hata kabla hajatoka uani, ikanguruma. Kanisani wanawake walisogea wakamwachia benchi zima. Vijana wa fulana walimfuata hadi majini wakiimba "mwizi wa kura," nao hao hao, nina hakika kama ninavyojua jina langu, walimpigia mgombea mwingine, kijana wa Mbita aliyewaahidi taa za ufuoni. Zilpah aliokota omena wake mmoja mmoja, akawapepeta.

Mwishowe Nicodemus alituma neno: Jumapili baada ya kanisa boma litakaa. Zilpah akiri, la sivyo afunge virago arudi kwao. Nyumba itavunjwa na shamba litakuwa la boma. Nilimsihi aende kwa chifu. Akaniuliza, "Nikienda Awendo, kaburi ya Tony namwachia nani? Huyu?" Na kwa mara ya kwanza tangu matanga nilimwona akilia.

Jumapili ikafika. Lile hema lililokodiwa kwa sherehe ya ushindi lilikuwa bado halijarudishwa, basi tukakaa chini ya hema hilo, viti vya plastiki vimejaa pomoni. Mama yao, Bathsheba, mama mzazi wa Nicodemus na wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni pake, miguu ameinyoosha. Nicodemus alitokea na sahani, na ndani ya sahani mlikuwa na udongo. Ulikuwa wa kaburi la Tony. Watu wakavuta pumzi. Hiyo ndiyo muma, kiapo cha tangu zamani: ukiula udongo huo na huku unasema uongo, marehemu anakuja kukuchukua. Sote ni watu wa kanisa na sote husema hatuamini. Na hakuna hata mmoja wetu asiyeiogopa.

"Nyar Sakwa," Nicodemus akasema, "hii ni mchanga ya bwana yako. Kama haukuiba, kula. Kama uliiba sema tu, tumalizane, uende kwenu."

Alidhani atakataa. Zilpah aliinuka, akachota udongo kwa vidole vitatu, akautia mdomoni. Tulisikia changarawe zikigongana na meno. Akameza. "Kama niliiba hata kura moja ya mtu," akasema, "Tony anichukue kabla huu mwezi uishe." Kisha akaichukua sahani kutoka mikononi mwa shemeji yake na kutugeukia.

"Haya. Shemeji anasema nyinyi wote mlimpigia. Basi kila mtu akuje, aseme 'nilimpigia,' na akule kidogo tu kama mimi. Tukimaliza tutajua kura ilienda wapi."

Hapo ndipo nilipomwonea Nicodemus huruma, na sikutaka kumwonea. Uso wake ulichangamka! Aliwaamini, maskini. Alipiga makofi, akasema, "Ni sawa kabisa! Kujeni, watu yangu. Tuonyeshe huyu mama. Willis, anza wewe."

Willis akashika tumbo. "Mheshimiwa, mimi niko na ulcers. Daktari alinikataza vitu ngumu."

"Scovia?"

Scovia ndiye mke wake mdogo, na kila siku ya soko hununua odowa, yale mawe laini ya udongo, akayatafuna kutwa kama njugu. Akasema udongo unamchafua moyo. Mke mkubwa alikuja, akaapa, akala bila kutazama mtu, na wanawe wawili wakamfuata, na mzee mmoja kiziwi ambaye sijui kama alielewa anakula nini. Baada yao njia ikakauka. Mmoja akakumbuka omena wake wataloweshwa na mvua, na mbinguni hakukuwa na wingu. Mwingine akaitika simu ambayo haikulia. Vijana wa fulana walitoka kwa nyuma, wakiinamia kamba za hema, hata kuaga hawakuaga. Nicodemus aliwaita kwa majina yao. "Ken! Wewe Ken, si uliniambia?" Ken akatembea haraka zaidi. Nilitamani kucheka nikashindwa. Viti vilibaki vinatazamana.

Nicodemus akageuka polepole kuelekea mkekani. Sauti yake ilikuwa imepungua, ya mtoto aliyeanguka na anatafuta wa kumtazama. "Mama, kuja wewe uonje. Waone."

Bathsheba hakuinuka. "Mimi siwezi kula hiyo, Nico. Sikukupigia."

"Mama?"

"Sikukupigia. Ndugu yako hakuwa amemaliza wiki moja ndani ya hii mchanga, ukachukua mashua yake. Ulinipea hata samaki moja ya hiyo mashua? Sasa nikupatie wadi nzima, utachukulia nani? Niliingia kwa ile chumba nikasema Mungu anaona, na nikapigia mwingine. Na bibi ya Tony haendi mahali. Hii boma ni ya bwana yangu, na mimi bado niko."

Mke mkubwa akaziba mdomo kwa khanga. Zilpah alisimama na sahani, udongo mweusi pembeni mwa midomo yake. Mimi nilikuwa nikimtazama Nicodemus. Nilidhani ataanguka magotini. Nilikuwa tayari hata kusahau mengi, maana mtu akiambiwa jambo kama hilo na aliyemzaa, jamani, hata jiwe lingelia. Midomo yake ilicheza. Alilitazama hema, akaitazama barabara waliyoishia watu wake, akamtazama mama yake kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha nikaona uso wake ukifungwa kama duka.

"Walikupatia pesa ngapi, mama?"

Bathsheba aliinuka kwa shida akishika mwimo wa mlango. Alimpokonya Zilpah ile sahani, akatembea hadi kaburini, akaurudisha udongo na kuushindilia kwa kiganja, kidogo kidogo, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Hakumtazama tena mwanawe. "Nyar Sakwa," akasema, "nawa mdomo, uweke maji ya ugali. Kuanzia leo nitakula kwako."

Wakaingia ndani, Zilpah akimshika mkono. Nilibaki nikikunja viti kwa sababu sikujua la kufanya. Nicodemus alikuwa ameshatoa simu, amempigia wakili wake wa Homa Bay, na alizungumza kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni.

"Ile kesi peleka kesho. Ndio, ile ya kura. Na kwa wale walihongwa, ongeza mama yangu." Akasikiliza kidogo. "Mama yangu mzazi, ndio. Andika Bathsheba." Wakili lazima hakulisikia vizuri, maana Nicodemus aliziba sikio moja kwa kidole, akaanza kulitaja jina la mama yake herufi moja moja.