Kipande Kisicho na Herufi

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mtaa wa Murara, na nina mdomo mbaya. Mteja akiniletea diski iliyokufa namuuliza kwanza nakala iko wapi, na akinyamaza namsema mpaka anajuta kuzaliwa. Mafundi wenzangu nawasema zaidi. Nilikuwa nikiwaambia kila siku kwamba fundi asiyeuliza kabla ya kufuta ni mwizi tu, tena afadhali mwizi.

Yule mama alikuja asubuhi moja na ordinateur, yaani kompyuta, ya marehemu mume wake. Ana kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na imprimante yake kuukuu ya kuchapia inatii mfumo endeshi mmoja tu wa zamani. Mume wake aliuhifadhi mfumo huo ndani ya mashine pepe: kompyuta nzima inayoishi ndani ya faili moja, juu ya mfumo mwingine. Mashine ndani ya mashine, kwa ordinateur dhaifu kama ile! Ukurasa mmoja ulichukua robo saa kutoka. Alitaka ule mfumo utolewe humo, upewe sehemu yake kwenye diski yenyewe.

Nilifungua ramani ya diski. Kulikuwa na kipande kimoja hakina jina wala herufi ya kukiita, kama C au D, ukubwa wake unatosha kabisa. Nikakiona ni mabaki. Sikumuuliza kitu. Niligeuza lile faili kuwa nakala ghafi, nikaimwaga yote juu ya kile kipande, nikapanga ordinateur iwake kutoka hapo. Saa nane mchana mfumo wa zamani ukawaka wenyewe, imprimante ikatema kurasa kama karanga. Mama alinishika mikono yote miwili. Nami nilijisikia mwanaume.

Wiki iliyofuata alirudi, amevaa vizuri. Alinieleza kwamba ndugu wa mume wake, watu wa kijiji cha Kalengera, wanataka kumtoa kwenye nyumba yeye na watoto, na kikao cha ukoo ni Jumamosi. Lakini yeye haogopi, alisema, maana mume wake alijirekodi video akiwa bado na nguvu, akitaja kwamba nyumba ni ya mke. Alipokuwa akifa alimwambia mkewe kwamba fundi mmoja wa Murara ndiye aliyeificha mule ndani ya ordinateur.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mume wake: fundi huyo nilikuwa mimi.

Kwenye barabara ya kaskazini wenye bunduki hukufungulisha simu na ordinateur. Kwa hiyo sisi mafundi wa hapa tunatenga kipande cha diski, tunaweka siri za mtu humo, kisha tunakiondolea herufi. Anayepekua haoni kitu. Na hatuandiki popote ni nani tuliyemfichia, kwa sababu orodha ya namna hiyo ikikamatwa inaua watu. Nimewafanyia wengi, sura zimechanganyika. Mume wa mama huyu alikuwa akienda Kalengera kwa barabara hiyo mara kwa mara, hakutaka wenye bunduki wala ndugu zake waione video. Alinieleza mwenyewe ni maneno ya nyumba. Nami niliifuta kwa mkono ule ule ulioificha.

Nilimwomba aniachie mashine siku mbili. Nilijaribu kila programu ya kufufua ninayoijua. Nilipata takataka.

Alipokuja Ijumaa nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Ningeweza kusema nimeifuta, kisha kesho nisimame mbele ya ukoo kama shahidi wa yale niliyoambiwa. Lakini mtaa mzima ungejua kwamba mimi, mwenye mdomo ule, sikuuliza kabla ya kufuta.

"Mama, nimetafuta pote," nilisema. "Hakuna kitu mule."

Aliuweka mkoba juu ya magoti.

"Ni kusema bwana yangu alinidanganyaka? Mutu mwenye alikuwa anakufa?"

"Njo vile, mama. Hajawekaka kitu."

Hakulia. Aliniuliza anilipe nini kwa kazi ya kutafuta, nikakataa, akanishukuru.

Jumamosi aliwaambia mashemeji kwamba marehemu alikuwa mwongo. Walimkubalia upesi, wakachukua funguo. Siku hizi amepanga chumba mtaa wa Katindo na wanawe, kibanda chake kinafanya kazi, imprimante haijagoma hata siku moja. Nasikia watoto wakitaja jina la baba yao anawanyamazisha.

Ananiletea wateja. Mwezi huu wamekuja watatu, na kila mmoja ameniambia yule mama wa fotokopi amemtuma, kwa kuwa amesema fundi huyu hadanganyagi mutu.