Mahari Yenye Bomba la Maji

Nekoye alikuwa mpishi wa shule moja ya msingi kule Tongaren, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumwambia kwamba uji wake ulikuwa mwepesi. Ulimi wake ulijulikana hadi sokoni. Yeye mwenyewe alitolewa shuleni darasa la pili. Baba yake na ndugu zake walikula mahari yake ng'ombe baada ya ng'ombe kabla hajajua kujisuka nywele, na mume aliyepewa alikaa naye mpaka alipochoka, kisha akamwonyesha njia. Ng'ombe walikuwa wameliwa, mlango wa kwao umefungwa. Nekoye aliyasimulia hayo huku akikoroga sufuria, bila chozi, kama mtu anayetaja majina ya wezi ili yasisahaulike.

Lakini saa ya uji ilipofika alikuwa mtu mwingine. Watoto walipopanga foleni na vikombe vyao alicheka nao, akawatania, akawauliza nani ameoga na nani amelambwa tu na paka.

Aliyempenda kuliko wote ni Jentrix, msichana yatima wa darasa la sita aliyekaa kwa baba mdogo wake, Wekoye. Siku za maziwa ya shule, Jentrix alinyonya pakiti nusu, akaikunja na kuificha ndani ya sweta ili iwe chakula cha jioni. Nekoye aliona. Ukoko wa sufuria akaanza kumwekea kando.

Mwaka huo wa themanini na nane, wakiosha vyombo pamoja, msichana alisema polepole, "Senge, muhula ujao sitakuja." Alizoea kumwita hivyo, kama shangazi yake wa damu.

"Unakwenda wapi?"

"Baba mdogo amepata mahari yangu. Huko Kitale."

Mwiko ulimdondoka Nekoye. Pande hizo herufi l na r ni majirani wanaoazimana chumvi. Mtu husema moja akikusudia nyingine, na mambo huenda. Mwingine labda angeuliza msichana anamaanisha nini. Nekoye hakuwa na haja ya kuuliza. Neno hilo lilikuwa limekaa sikioni mwake tangu utotoni, likingoja.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Gicheru, aliyekuwa akinywa chai na Mwalimu Rotich wa darasa la sita.

"Jentrix ameozwa," alisema. "Wekoye ameshachukua mahari."

Bwana Gicheru aliweka kikombe chini. "Mama, mambo ya nyumba za watu yana wenyewe. Mara ya mwisho tuliporipoti, wazazi walikuja hapa kuniuliza kama shule imegeuka korti."

"Sawa, mwalimu. Hata uji una wenyewe. Kesho mtaupika nyinyi." Akaketi kwenye kiti cha wageni, mikono kifuani.

Mwalimu Rotich alikohoa. "Mimi nimemwona akisinzia kila siku, bwana mkuu. Miguu yake ina funza. Nilidhani ni uvivu, nikamchapa."

"Na hukuniambia?"

"Si ungesema mambo ya nyumba za watu."

Bwana Gicheru alimtazama Rotich, akamtazama Nekoye ambaye hakuonyesha dalili ya kuinuka, kisha akaenda kuchukua baiskeli yake, wakaondoka wote watatu.

Chifu wa eneo hilo, Wabwile, aliwasikiliza akiwa amesinzia nusu. Aliposikia neno mahari alifumbua macho yote mawili.

"Mahari imeliwa katika eneo langu, na mimi sikuonja hata mchuzi? Twendeni."

Walimkuta Wekoye akiota jua nje ya nyumba. Chifu hakuketi.

"Wekoye, wako wapi?"

"Nani, chifu?"

"Ng'ombe, bana. Mahari ya huyu mtoto iko wapi?"

"Ah, hiyo mahari? Iko Kitale," alisema Wekoye kwa furaha. "Nyuma ya duka la Mama Mohini, yule Mhindi wa vitambaa."

"Umefungia mahari nyuma ya duka?"

"Si ndiko iliko? Ni nzuri sana. Ina kitanda. Ina bomba la maji."

Chifu alimgeukia mwalimu mkuu. "Mahari ina bomba?"

"Na dirisha," Wekoye akaongeza.

Mwalimu Rotich ndiye aliyecheka kwanza. "Chifu, anasema mahali. Amemtafutia mtoto mahali pa kazi, kazi ya nyumba."

Chifu alicheka hadi kofia ikaanguka. Wekoye akacheka. Nekoye alisimama pale uso ukimchoma, akijua alichofanya: akiwa na kesi mkononi, ameigeuza kichekesho.

"Basi ni kazi tu," alisema chifu, akifuta machozi na kuokota kofia. "Kazi si mbaya. Twende zetu."

Hapo Jentrix, aliyekuwa ameshikilia mlango wa jikoni, aliinamisha kichwa. Bwana Gicheru alimwona. Akaona pia, nyuma yake, gunia lililotandikwa sakafuni kati ya kuku na jivu, na sweta ya shule imekunjwa kuwa mto. Ndani ya nyumba kubwa vitanda vya watoto wa Wekoye vilionekana kutoka mlangoni.

"Chifu, keti," alisema.

Na yule mtu aliyeogopa shule yake kuitwa korti akasema yote: usingizi, funza, maziwa ya kwenye sweta ambayo Nekoye alimsimulia njiani. Akasema mtoto yuko darasa la sita na hatoki, na kwamba kesho yeye mwenyewe atafika kwa afisa wa watoto Kitale, chifu akitaka au asitake. Nekoye alimtazama kana kwamba sufuria imeongea.

Kesho yake walikwenda wote. Afisa aliwasikiliza, kisha akaongozana nao hadi dukani. Mama Mohini alimtazama Jentrix juu hadi chini, akashika kiuno.

"Wewe Wekoye, mimi nilisema mtu mzima. Huyu mtoto ya shule nitafanya naye nini? Mimi mwenyewe nasomesha wangu." Akamtazama Wekoye kwa makini zaidi. "Wewe mikono yako iko mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi. Kazi ni yako. Ufagio iko pale."

Afisa alisema ni wazo zuri. Chifu alisema ni amri. Wekoye alibaki Kitale, mahali penye bomba, na kila mwisho wa mwezi ada ya Jentrix ilifika shuleni. Msichana mwenyewe, kwa idhini ya afisa, alihamia kwa Nekoye, akala ukoko akipenda tu.

Tangu hapo shuleni pakawa na desturi. Mtoto mwenye jambo zito alikwenda jikoni akasema, "Senge, nimepata mahari." Nekoye alifunika sufuria, akasikiliza, na siku hiyohiyo habari ilifika kwa Bwana Gicheru, ambaye hakuwahi tena kuuliza nyumba ni ya nani.

Mwaka wa tisini na saba, mwanamke kijana mwenye viatu vizuri aliingia jikoni, akamkuta Nekoye na mvi zake na mwiko uleule.

"Senge, nimepata mahari. Huko Sirisia."

Nekoye hakugeuka. "Ina ng'ombe au ina bomba?"

"Ina ubao," alisema Mwalimu Jentrix, "na chaki."