Nyigu wa Mutua

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la sita, na leo nina ekari kumi na mbili za nyanya na dania hapa Kibwezi. Lakini juzi bwana shamba alishika mdudu wa mistari ya njano kwenye maua ya dania, akamfumbata mkononi.

"Huyu ni nzi tu, mzee. Hana mwiba. Anajifanya nyigu ndio aogopwe."

Nikasikia harufu ya dania ya mama kule Kilungu, tulipokuwa watoto. Mdogo wangu Mutua alikuwa amekunja ngumi, na ndani yake mdudu wa mistari ya njano alivuma.

"Shika, haumi," aliniambia akicheka.

Nilijua ni mtu wa aina gani asiyeumwa na nyigu. Nilikimbia hadi barabarani nikipiga kelele, "Mutua ni mchawi!"

Jumapili iliyofuata hakuna mtoto aliyeketi karibu naye kanisani. Alipokua alihamia mbali, kijiji cha Tulia, na hajawahi kurudi.

Jana nilimpigia simu. "Mutua, yule hakuwa nyigu."

Nikasikia tena ule mvumo sikioni.

"Nilikuambia," akasema.

Nikamtumia elfu mbili, nauli ya kuja nyumbani. Akairudisha yote. Nilichopoteza ni ada ya kutuma, shilingi thelathini na tatu.