Mtani wa Mume Wangu Apita Songea

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalihusu mbolea. Alikuwa bwana shamba, Mngoni wa hapohapo Songea. Mimi nilikuwa Mpare, mwalimu wa sekondari niliyepangiwa kazi huko na wizara, nikaolewa kabla sijafanikiwa kupata uhamisho. Tuliishi Ruhuwiko. Katika miaka sita ya ndoa nilimwomba mara nyingi atafute Jumamosi moja anitembeze, na kila mara alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hapa kuna nini cha kutembelea?" Aliniita mwalimu hata nyumbani. Nilimwamini. Nikawa naenda shuleni, sokoni na kanisani, kisha narudi.

Halafu kondakta wa basi la Makambako akaleta salamu. Mwanamke mmoja aliyesoma na mume wangu chuo cha kilimo alikuwa anakuja. Alikuwa ameacha kazi ya serikali, kama wengi walivyoanza kuacha miaka ile ya soko huria, akawa anauza mitumba Iringa. Sasa alikuwa anakwenda Tunduru kuangalia mawe ya thamani, kwa sababu nusu ya nchi ilikuwa inakwenda Tunduru kuangalia mawe ya thamani. Angefika Songea Ijumaa jioni, na lori la kumpeleka Tunduru lingeondoka Jumapili asubuhi. Jumamosi nzima angekuwa wetu.

"Wetu" lilikuwa neno la mume wangu. Nalikumbuka kwa sababu alilisema huku akipiga pasi shati ambalo mimi nilikuwa nimekwisha kulipiga pasi.

Jioni ile mdomo wake ulifunguka. Mgeni lazima apandishwe Matogoro, aone chemchemi ambako Mto Ruvuma unaanzia, na auone mji wote ukiwa chini. Lazima apelekwe makumbusho ya Vita vya Maji Maji. Lazima apite Mfaranyaki kwa mama mmoja ambaye togwa yake haina mpinzani. Ale masuku, maana yalikuwa yameanza kuiva porini. Ale samaki wa Ziwa Nyasa, mbasa mzima wa kuchemshwa, na mboga za majani kama anavyozipika mama mkwe wangu, si mtu mwingine. Nikatambua kwamba kwa miaka sita nilikuwa naishi kwenye mji wa watalii bila kuwa na habari.

"Huyo mama wa togwa," nilimwuliza, "yuko Mfaranyaki sehemu gani?"

"Nyuma ya soko."

"Soko lile ninakonunua nyanya kila wiki?"

"Hukuwahi kuniuliza habari za togwa, mwalimu."

Ilikuwa kweli. Chuo kikuu walinifundisha kuuliza maswali mengi, lakini hilo halikuwemo.

Wivu wa mwanamke aliyesoma una taabu yake. Jirani yangu angerusha sufuria, mambo yakaisha, na mchana angekuwa anasuka nywele. Mimi nilijiunga na kamati ya maandalizi. Nilimwambia mume wangu kwamba mpango wake ni mzuri ila una mianya. Nilimaanisha mianya ambamo watu wawili wangeweza kukaa peke yao wakakumbushana chuo. Nikaanza kuiziba. Chakula cha mchana nilikihamishia kwa mama mkwe, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo la siri. Mlima nilishauri upandwe jua likiwa limeshakuwa kali, kwa sababu nilishaamua moyoni kwamba mgeni atakuja na viatu vya visigino. Huyo mbasa nilimuunga mkono kwa nguvu zote, nikijua hakuna mwanamke anayependeza akitoa mwiba mdomoni.

Mume wangu alinisikiliza kwa furaha. "Umejitahidi sana, mwalimu," alisema. "Atafurahi kweli."

Ijumaa jioni tulikwenda stendi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mrembo, ili niwe na haki ya kuchukia. Au asiye mrembo, ili nipumue. Aliyeshuka hakunipa hata kimoja. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye raba miguuni na sauti ya mtu anayeuza nguo mnadani.

"Mngoni!" alipiga kelele kabla mguu wake wa pili haujagusa chini. "Hawajakuzika tu?"

Mume wangu, yule wa mbolea, aliitikia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Jamani, fungieni mbwa ndani! Mhehe kashuka!"

"Sikuja kula mbwa wenu, wamekonda. Nimemletea babu yako mkuki wake. Aliuacha kwetu alipokuwa anakimbia."

Wapagazi walicheka, wauza karanga walicheka. Mume wangu alicheka mpaka akainama, mkono mmoja ameushikilia ubavu wa basi, machozi yanamtoka. Nilisimama pembeni nikimtazama. Katika miaka sita nilikuwa nimempikia, nimemzalia na kumuuguza malaria, lakini sikuwahi kumwinamisha hivyo. Nilikitaka kicheko kile. Nilikitaka kama mtoto anavyotaka kitu kilicho mkononi mwa mtoto mwenzake.

Si kwamba sikuelewa kinachoendelea. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na wajukuu wao wakarithi ruhusa ya kutukanana popote wanapokutana, hata msibani. Chuo kikuu niliandika insha ndefu kuhusu utani wa makabila na nikasifiwa. Nilieleza humo kwamba katika utani, anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Sikueleza afanye nini mtu ambaye si wa upande wowote na amesimama stendi na mume wake.

Mgeni akanigeukia. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, polepole, kama anayekagua nguo kutafuta kitobo. "Na huyu ndiye mke mdogo? Hajafundishwa? Mke mkubwa anashuka kwenye basi, haamkiwi?"

Nami nikasema, "Shikamoo."

Ulimi wa mtoto aliyelelewa vizuri haumsubiri mwenyewe. Stendi nzima ilipasuka. "Marahaba, mwanangu," alinijibu, akanipa begi lake. Nikalibeba mpaka nyumbani.

Jumamosi tulianza na Matogoro, jua likiwa kali kama nilivyolipanga. Pikapu ya mbao ilitusogeza, tukashuka kuupanda mlima kwa miguu. Aliyekuwa na viatu visivyofaa ni mimi. Nilivaa vile vya mahafali, kwa kuwa sikutaka kuonekana mshamba mbele ya mtu wa Iringa, halafu nikasahau kwamba mtu wa Iringa amezaliwa kwenye vilima. Mimi nami nimezaliwa milimani, lakini Upare ulinisahau siku nyingi. Wao walitangulia. Kila baada ya muda kicheko cha mume wangu kilishuka mlimani, kikanifikia nikiwa nimeshika mti, natafuta pumzi. Nilipowafikia kilikuwa kimekwisha.

"Mmecheka nini?"

"Aa, mambo ya chuo tu, mwalimu."

"Niambie na mimi."

Akaniambia. Ilikuwa habari ya mpishi wa chuo na ng'ombe aliyeingia bwenini. Aliieleza kwa uangalifu, kama anavyowaelezea wakulima nafasi kati ya shina na shina, na alipomaliza hakuna aliyecheka, hata yeye. Kisha akanionyesha chemchemi. Niliitazama, nikasema ni nzuri sana. Ilikuwa nzuri kweli, maji kidogo tu yasiyo na habari kwamba mbele yatakuwa mpaka wa nchi mbili, lakini wakati ule ningekiri uzuri wa kitu chochote kwa meno yaliyoumana.

Kule makumbusho nilitegemea atakosea. Mtu mwenye mdomo ule, nilijiambia, atatania makaburi ya mashujaa wa vita, na mume wangu ataona. Hakutania. Alisimama mbele ya makaburi, mikono nyuma, kimya kwa muda mrefu kuliko sisi. Kwa hilo nilimchukia kuliko kwa utani wake, kwamba alijua mahali pa kunyamaza.

Sokoni ndipo niliposhindwa kabisa kujielewa. Mgeni alifika kwa mama anayeuza masuku, akajitangaza Mhehe, akachota mkono mzima bila kuuliza bei, akaanza kula.

"Yaache hayo, we Mhehe! Ni ya watu!"

"Watu gani, Wangoni?"

"Utakuja kuosha vyombo kwenye msiba wangu!"

"Fanya haraka basi, nina safari kesho."

Mama yule alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja, akamwongezea mengine kwenye kanga. Mwanamke huyohuyo nimenunua kwake miaka sita. Huniita madam. Hunichagulia mazuri, hunirudishia chenji kwa mikono miwili, na hajawahi kuniuliza natoka wapi. Siku ile aliniuliza, "Madam, kumbe mgeni huyu ni ndugu yako?" akionekana kuniheshimu zaidi kwa ajili hiyo. Mpaka tulipomaliza togwa ya nyuma ya soko, ambayo ilikuwa tamu kama mume wangu alivyosema, mtu aliyekuja kulala siku mbili alikuwa na mji, na mimi nilikuwa na nyumba ya kupanga. Nilikuwa nimeanza na wivu wa mume, kisha nikajikuta nao juu ya wauza matunda.

Kwa mama mkwe niliingia kama ninavyoingia siku zote, nikapiga goti, nikasema shikamoo mama, nikaulizwa hali za watoto. Katika miaka ile hakuwahi kuniambia neno baya. Wala zuri. Mgeni aliingia nyuma yangu bila hodi, akakalia kigoda cha mwenye nyumba.

"We kikongwe, upo? Nilikuja matanga, nimejifunga kanga nyeusi bure!"

"Nife nani akufukuze?" mama mkwe alimjibu, na uso wake ukawa wa msichana. "Ondoka kwenye kigoda changu, mwizi wa ng'ombe!"

Tulikaa mkekani, wanawake na mwanamume mmoja pamoja, jambo ambalo kwa heshima ya wakwe halikuwahi kutokea mimi nikiwepo. Sufuria ilipofunuliwa mgeni aliniangalia. "Mpare kakubali samaki mzima achemshwe! Nilidhani utamning'iniza ukutani, tule ugali kwa kumtazama."

Ubahili wa Wapare hutaniwa nchi nzima, lakini Wapare na Wahehe hawana utani. Nilitaka kumwambia hivyo, kwa ushahidi. Badala yake nilitabasamu, nikahisi tabasamu limekauka mdomoni kama gamba. Miiba haikumsumbua hata kidogo. Alikula akazungumza, akazungumza akala, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya mume wangu, akachukua kipande chake cha samaki, na mume wangu akamwachia huku akicheka.

"Kama unamtaka, mchukue!" nilisema. "Kesho panda naye hilo lori, mwende!"

Sikuwa natania. Sauti ilinitoka nyembamba, na mkono wangu uliokuwa na tonge ulikuwa hewani. Nilijua nimefanya lile jambo lisilofanywa, nimekasirikia utani, na nyumbani kwa mkwe. Nikangoja aibu.

Mama mkwe alipiga makofi. "Ahaa! Leo mkwe wangu kasema!"

"Nimchukue nimpeleke wapi?" mgeni alidakia. "Ameshaacha kukoroma?"

"Mpige tena!" mama mkwe alinihimiza, ananisukuma bega. "Umeolewa kwetu, huyu ni mtani wako na wewe! Mpige!"

Nilitafuta tusi. Nilikuwa na shahada, na sikuwa na tusi hata moja. Isitoshe nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba pale chuoni bweni la wanawake lilikuwa mbali, na sasa nilikuwa napima ni mbali kiasi gani, na mtu anakoroma kwa nguvu gani. Walinicheka wote wawili, kwa upendo, kama mtu aliyefaulu. Mume wangu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ameshusha mkono, ananitazama. Miongoni mwa wote waliokuwa mkekani ni yeye tu aliyejua kwamba nilisema kweli, na ningempa chochote asijue, acheke tu kama wenzake.

Hakusema kitu kuhusu hilo, si jioni ile wala baadaye. Alizidi kuwa mpole tu.

Jumapili asubuhi tulimsindikiza mgeni kwenye lori. Nilikuwa nimembebea kikapu cha mayai ya kuchemsha na masuku ya njiani. Aliyahamishia kwenye begi lake, akanikumbatia, na kwa mara ya kwanza akazungumza nami kwa sauti ya chini. "Nimeambiwa mpango wote wa jana ulikuwa wako. Asante, mdogo wangu. Sijawahi kupokewa hivi." Alisema kweli, nikaona. Kisha akapanda juu ya magunia na kumwambia mume wangu, kwa sauti ya kufika Mfaranyaki, ajitahidi asife kabla yeye hajarudi na utajiri, maana anataka kumnunulia sanda ya hariri. Mume wangu aliinama, mikono magotini. Lori liliondoka, naye akawa bado anafuta macho.

Tulirudi kwa miguu. Tulipita nyumba kadhaa, na nikaona uso wake ukirudi taratibu mahali pake pa siku zote. Nilijua nikichelewa utakuwa umeshafika. Tusi nilikuwa nalo. Nililitengeneza tangu nilipoamka.

"We Mngoni," nikamwambia, "unatembea kama gunia la mbolea lililopasuka."

Alisimama. Nilingoja. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu ili nimsaidie. Alinitazama usoni, akashuka macho mpaka kwenye miguu yangu, ambayo tangu mlimani ilikuwa na malengelenge.

"Umechoka, mwalimu," alisema. "Lete kikapu."

Akakichukua, kitupu kilivyokuwa, akapunguza mwendo ili niweze kumfuata. Wanawake wengi wa Ruhuwiko wangeomba usiku na mchana wapate mume wa namna hiyo. Nilitembea kando yake, mikono mitupu, nikimwonea wivu mwanamke aliyekaa juu ya magunia, akila vumbi la njia ya Tunduru.