Sukari Aliyonyimwa Mama Mkwe

Felista akipita jirani na karakana ya seremala hupunguza mwendo. Harufu ya maranda humrudisha Manyoni, miaka ile ya mwanzo wa Ujamaa, alipotunza panya weupe, waliolala juu ya maranda, katika maabara ndogo ya dawa.

Kijijini walimcheka. Panya wanamaliza mtama ghalani, yeye analipwa kuwalisha! Mama mkwe wake, Anastazia, hakucheka. Shingoni alikuwa na uvimbe uliokuwa ukikua, na alisikia kwamba Daktari Isaka wa maabara hiyo anajaribu dawa ya uvimbe iliyotokana na manitoli, sukari ambayo wakemia huiita alkoholi japo hailewishi.

"Niletee kidogo tu, mwanangu. Sukari itamdhuru nani?"

"Mama, hatujajua bado kipimo kinachoua. Ndicho tunachokitafuta."

Anastazia akanuna, akaacha hata kula alichopika mkwewe. Kisha asubuhi moja akateremka kwenye lori la mtama, akabisha hodi maabara.

"Shikamoo, Mama," Felista alisema kwa mshangao.

"Marahaba. Nionyeshe hao panya wanaonizidi bahati."

Daktari aliruhusu. Panya walikuwa wamechomwa sindano, kila kizimba na kipimo chake. Waliopata kidogo walikimbizana. Waliopata kingi walijikunyata, manyoya yamesimama, chakula hawakigusi. Felista alimwinua mmoja, naye akamfia kiganjani. Felista akageukia ukuta ili asionekane akilia.

Anastazia alimchukua yule panya, akamfunga kwenye pindo la kanga. "Huyu hazikwi jalalani," alisema. Wakamfukia wao wawili nyuma ya jengo.

Tangu hapo kila siku ya mnada Anastazia alikuja na majani laini ya kutandikia vizimba. Aliwasemesha panya kwa Kinyaturu, akiwagombeza kama wajukuu, na Felista alicheka mpaka akashindwa kufagia. Ombi la dawa hakulirudia.

Uvimbe ulimshinda kabla ya mvua. Daktari Isaka alikuja mazishini, akashika jembe pamoja na wanaume. Majaribio hayakuwa yamekwisha. Baadaye maabara ilifungwa, na Felista akahamia kijiji kipya na wanawe.

Amepata majirani wema huko. Lakini mtu wa kukaa naye hivyo, mikono ikifanya kazi na kicheko kikichelewa kwisha, hajampata tena.